Shukrani za Mzee Kihara

Watu wa serikali wana njia nyingi za kumnyang'anya mtu chake, lakini ile inayoniudhi kuliko zote ni ya kukuita ukumbini kwanza, wakupe chai, wakunyang'anye, kisha wakuombe uwashukuru. Nimeiona kwa macho yangu, na chai yenyewe niliipika mimi.

Naitwa Shukri, ingawa mtaa mzima wa Kaptembwo wananiita Mama Mujahid. Babu yangu alitoka Pwani akifuata kazi ya reli, akaishia Nakuru, nasi tukabaki hapa hapa. Nina ploti yenye vyumba vya kupangisha, na asubuhi nauza mahamri na mbaazi karibu na lango la Shirika la Maghala ya Bonde, lile la serikali linalohifadhi mahindi. Wakiwa na mkutano huniita nipike chai na sambusa. Hapo langoni ndipo nilipomjua Hezekiah Kihara, na baadaye akawa mpangaji wangu, akakaa mpaka watoto wangu wakawa wanamwita mjomba.

Kihara alitoka Dundori, huko vilimani juu ya mji, akiwa kijana wa kidato cha nne, akaandikwa kubeba magunia, kisha akafundishwa kupiga dawa. Mahindi yakikaa bila dawa huliwa na mdudu mdogo mweusi ambaye wakulima wanamwita osama, na huyo akiingia ghalani anaacha unga mtupu. Kwa hiyo Kihara alifunika magunia kwa turubai, akaweka vidonge vinavyotoa hewa ya sumu, akatoka mbio. Kwenye masailo, yale mapipa ya chuma marefu kuliko jengo lolote la mtaa wetu, alipanda ngazi ya nje hadi kileleni, jua liwe kali au upepo wa ziwani uvume. Alirudi jioni akinuka kitunguu saumu kilichooza, na usiku nilisikia kikohozi chake kupitia ukuta. Alikuwa mtu mpole. Hakuwahi kuchelewesha kodi, hakuwahi kugombana na mtu, na mkutano wowote ukiisha yeye ndiye aliyeitwa kufunga kwa maombi.

Ijumaa jioni alipanda kwenda kwake Dundori, na Jumapili akashuka na viazi na chupa ya maziwa. Maisha yake yote ya ndoa yalikwenda hivyo. Huko juu alikuwa mke wake, Wariara, na Wariara ndiye aliyelima viazi, akakamua ng'ombe watatu asubuhi na jioni, akalea watoto, akamuuguza mama mkwe mpaka akamzika. Kihara alikuwa mgeni wa wikendi katika boma lake mwenyewe, mgeni anayepikiwa chapati.

Miaka ya karibuni nyonga ya Wariara iliharibika. Alitembea akijikokota, na wakati wa kukamua aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe ili maumivu yasimwangushe. Daktari mjini alimwambia mfupa umesagika na dawa yake ni kuwekewa kiungo kingine. Baada ya hapo asiiname wala asinyanyue ndoo kwa miezi. Basi Wariara alihitaji vitu viwili kwa wakati mmoja: pesa za kustaafu za mumewe ili alipie upasuaji, na mume mwenyewe awe nyumbani akamue. Vyote viwili vilikuwa vinakuja siku moja, siku ambayo Kihara angetimiza miaka sitini. Mama huyu aliingojea siku hiyo akiuma meno. Hakumlalamikia mtu.

Sasa, kule Dundori mtu akistaafu haondoki kimyakimya. Anafanyiwa sherehe ya shukrani, na hema, na mchungaji, na keki, na hotuba ndefu mpaka wali unapoa. Na kwa kuwa watoto na jamaa hupatikana Desemba tu, Kihara aliifanya Desemba, ingawa siku yake ya kuzaliwa ni Machi. Hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu kila mtu huko hufanya hivyo. Nami nilipanda na chakula changu kwenye hotpot, nikijua mbuzi atakuwa amechinjwa na yeyote. Wariara aliniona nikiificha chini ya kiti, akacheka. Alikuwa amemleta Gelle, mchinjaji Mwislamu kutoka mjini, kwa ajili yangu peke yangu. Tangu siku hiyo ukimsema vibaya Wariara mbele yangu tutakosana.

Sherehe ilifana, siwezi kukataa. Wanyoike, mwenyekiti wa ustawi wa wafanyakazi, alilia kwenye maikrofoni. Huyu Wanyoike hulia kwenye maikrofoni yoyote anayopewa. Kwa niaba ya wenzake alimkabidhi Kihara kiti cha kujilaza, cha ngozi ya bandia, chenye mpini wa kuinulia miguu. Kisha mchungaji akamsimamisha Wariara. "Mama," akasema, "umefanya kazi ya mwanamke, ukafanya na ya mwanamume. Kuanzia leo utapumzika." Wanawake wakapiga vigelegele, na Wariara akasimama pale ameshika mgongo wa kiti, akitabasamu mbele ya watu wote.

Baada ya hapo Kihara akaanza likizo yake ya mwisho, ile ambayo mfanyakazi hupewa kabla ya kustaafu, akajumlisha na siku zote za zamani alizokuwa hajazichukua. Alirudisha ufunguo wa chumba, nikawapa chumba maharusi. Januari Wariara alinipigia simu akiwa na furaha ya msichana. "Mama Mujahid, huyu mzee ananikamulia! Anamwaga nusu, lakini anakamua." Alikuwa amepewa tarehe hospitalini, mwezi wa nne.

Halafu redio ikasema. Wafanyakazi wote wa mashirika ya serikali hawatastaafu tena wakiwa na sitini, watastaafu na sitini na tano. Na ile mifuko ya pensheni ambayo kila shirika lilikuwa na yake, ambayo watu walikatwa mshahara wakaijaza wenyewe, imekusanywa ikawa mfuko mmoja mkubwa chini ya wizara, ili ilindwe. Ilindwe na nani? Mwizi gani mwingine alikuwa anaiona? Hakuna atakayeshika hata senti kabla ya umri mpya, na akiufikia, atalipwa kidogokidogo kila mwezi mpaka afe. Sababu waliyotoa ni kwamba siku hizi watu wanaishi muda mrefu. Labda wao. Mimi nauza mbaazi langoni pale, na nimechanga matanga ya wapiga dawa wengi kuliko harusi zao.

Kihara akaitwa kazini, likizo imesitishwa. Alikuja kwangu na begi lake, amevaa ile kofia aliyovishwa na wazee siku ya sherehe. Chumba hakikuwepo. Nilimpa stoo ninayowekea makaa na unga, na sikumpunguzia kodi ng'o. Nimpunguzie kwa nini, na ana kazi ya miaka mitano mbele?

Baada ya wiki chache wizara ikatuma ofisa kuja kuwaeleza wafanyakazi. Nikaitwa kupika. Nilisimama nyuma ya ukumbi na birika zangu, na yote niliyaona. Ofisa alikuwa kijana wa suti iliyombana mapaja, viatu bila soksi. Hakuwahi kunyanyua kitu kizito kuliko simu yake. Alitembea mbele ya wazee wale kama mtu anayewauzia sabuni.

"Wazee wetu," alisema, "sixty siku hizi ni kama forty. Serikali haiwezi kutupa experience yenu. Na pesa zenu ziko safe. Sasa ziko safe hata kuliko zamani."

Jepkemei wa uhasibu akanyoosha mkono. "Kama ziko safe, mbona hatuwezi kuzichukua?"

"Hilo ni swali zuri sana," kijana akajibu, akaendelea na picha nyingine ukutani.

Nilitegemea ukumbi utalipuka. Wanaume wale nawajua. Sambusa yangu ikipungua nyama wanapiga kelele mpaka barabarani. Lakini siku hiyo walikaa kimya, wanatafuna. Kelele zao ni za kwangu mimi mwanamke wa mahamri. Mbele ya suti wanakuwa kondoo.

Kisha Wanyoike akasimama. "Kwa vile mgeni wetu ana safari, nitamuomba mzee wetu Kihara atoe vote of thanks, atufungie na maombi."

Na Kihara akasimama! Mtu ambaye mkewe anajikokota zizini, ambaye ameagwa akakatiwa keki, alisimama akavua kofia. Alimshukuru ofisa kwa kuacha kazi zake nyingi na kuja kuwaona watu wadogo. Aliishukuru serikali kwa kuwafikiria wazee. "Mimi mwenyewe," akasema, "nilikuwa nimeshaenda nyumbani, lakini nimeongezewa miaka mitano, na nasema asante." Kisha akaomba. Alimwombea kijana yule safari njema, na ofisi yake, na dereva wake. Watu wakasema amina, wakapiga makofi, na simu ilikuwa imeinuliwa ikimchukua video toka mwanzo.

Jioni nilimvamia pale stoo. "Mzee Kihara, ulikuwa unashukuru nini?"

"Ah, Mama Mujahid, si ni heshima tu? Mgeni akikuja lazima ashukuriwe."

"Hata akija kukuibia?"

"Sasa ningesema nini mbele ya watu?" aliniuliza, na alikuwa anauliza kweli. Aliamini kwamba mtu akiitwa kushukuru anashukuru, na maneno yanayotoka hapo hayana mzigo wowote. Alikuwa amefunga mikutano kwa namna hiyo maisha yake yote. Nilimdharau, na sifichi. Nilimdharau kuliko yule kijana, kwa sababu kijana alikuwa analipwa.

Shirika likaiweka video ile kwenye ukurasa wake, na maneno kwamba wafanyakazi wameupokea mpango kwa mikono miwili. Na nani angesema wamedanganya? Mzee mwenyewe huyu hapa, kofia mkononi. Ikazunguka, ikapanda Dundori, ikatua kwenye grupu ya WhatsApp ya akina mama wa kanisa. Wenzake Wariara wakaiwekea alama za mikono inayoomba.

Wariara hakumpigia mumewe. Alinipigia mimi.

"Umeiona?"

"Nilikuwepo."

"Waliambia yeye aseme hivyo, ama alijisemea mwenyewe?"

Ningeweza kumfichia. "Alijisemea mwenyewe," nikamwambia.

Nilimsikia ng'ombe akilia nyuma yake. "Haya," akasema, akakata simu.

Wiki hiyo hiyo Wanyoike alipanda Dundori na pikapu kuchukua kile kiti. Kamati ilikuwa imekaa ikaona kwamba kiti kilichangiwa mstaafu, na Kihara si mstaafu, kwa hiyo kiti kihifadhiwe ofisini mpaka siku yake itakapofika. Yaani binadamu wazima walikaa kwenye meza wakaafikiana hilo. Wariara hakubishana nao. Aliwasaidia kukiinua kizingitini, na nyonga yake ile, akawaambia wachukue na blanketi walilomletea siku ya sherehe. Wakalichukua pia. Kiti kikawekwa ofisini kwa Wanyoike, na nilipompelekea chai nilimkuta ndani yake, miguu juu.

Nani alibaki wa kumsaidia mama huyu? Kui, binti yao mkubwa, anakata maua ya watu Naivasha, na mshahara wake anaujua mwenye nyumba kuliko yeye. Tarehe ya hospitali ilikuwa inakaribia. Wariara akamwita dalali, akauza ng'ombe wote watatu, na mtamba mwenye mimba.

Huko kwao hilo si jambo dogo. Mke kuuza ng'ombe wa boma bila mumewe ni kama kung'oa paa. Kesho yake wazee wa kanisa walifika, wakiongozwa na mzee Nderitu, walewale waliokula mbuzi Desemba. Wariara mwenyewe alinisimulia. Nderitu alimwambia amemvua mumewe nguo hadharani.

"Sawa, mzee," Wariara akamjibu. "Nitawarudisha. Lakini kesho alfajiri nani kati yenu atakuja kuwakamua?"

Nderitu akasema watamweka kwenye maombi. Wakanywa chai yake wakaenda.

Ijumaa Kihara akapanda nyumbani kama kawaida, na kabla giza halijaingia simu yangu ikalia. "Mama Mujahid! Ng'ombe wameibwa!"

"Hawajaibwa, wameuzwa. Mke wako yuko kwangu, anakunywa uji."

Alishuka jioni ile ile, matope ya zizi bado kwenye viatu. Wariara alikuwa amekaa kwenye kochi langu, mguu kwenye stuli. Sikutoka. Ni nyumba yangu.

"Mama Kui, nani alikuruhusu?" Kihara akauliza. Nadhani alikuwa amelifanyia mazoezi swali hilo njia nzima.

"Na wewe, Baba Kui, nani alikuruhusu kushukuru kwa niaba yangu?"

Aligeuka kunitazama mimi, nami nikatazama televisheni, ambayo ilikuwa imezimwa. Wariara hakupandisha sauti hata kidogo.

"Hiyo miaka mitano uliwaambia asante, ilikuwa yangu," akasema. "Wewe ungekuwa huko juu ya sailo. Mimi ningekuwa zizini. Uliwapa miaka yangu, ukawaombea na dereva."

Kihara akakaa sakafuni, mtu mzima, pale karibu na mlango, akaanza kulia. Tangu aongezewe miaka sikuwa nimemwona akifanya jambo lenye akili kuliko hilo. Wariara alimwacha alie. Baadaye akamwambia ale, kuna chapati.

Alipotulia aliahidi kwamba siku ya upasuaji atakuwa pale, hata iweje. Jumatatu akaenda ofisini kuomba ruhusa. Akaambiwa hana siku. Likizo yake yote aliichukua ya kustaafu, iliyobaki ikafutwa alipoitwa kazini, na mpya itaanza kuhesabiwa upya. Alikimbilia kwa Wanyoike amsaidie kama mwenyekiti. Wanyoike akashusha miguu, akamwambia sheria ni sheria, mzee, na mahindi mapya yanaingia.

"Basi usiende," nilimwambia. "Hiyo siku usiende tu. Watakufanya nini, wakufukuze? Si ndicho ulichokuwa unataka?"

"Wakinifukuza, pensheni inaenda," akajibu. "Wamesema mtu wa kufukuzwa hapati."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi walivyomfunga, na hasira yangu kwake ikapungua kidogo. Kidogo tu. Pesa ni zake, lakini amewekewa mbali, na kila siku lazima aende akaangalie kama bado wanamruhusu kuzingoja. Ng'ombe wa Wariara walikuwa na uhuru zaidi. Wao waliuzwa na mtu anayewajua majina.

Nilimpeleka Wariara mimi, na Kui akaja kutoka Naivasha kwa ruhusa ya siku moja. Walimchukua asubuhi. Kui alizunguka kwenye korido akiuma kucha, mimi nikavuta uradi nikiomba, maana sambusa peke yake haisaidii mahali kama hapo. Mchana daktari akatoka, mwanamke mwembamba mwenye miwani, akasema kila kitu kimekwenda sawa.

Walimrudisha wodini akiwa bado amelewa dawa. Baada ya muda alifumbua macho, akanitazama kama hanijui, kisha akashtuka akataka kuinuka.

"Saa hii ni saa ngapi? Ng'ombe wamekamuliwa?"

"Hakuna ng'ombe, Mama Kui," nikamwambia. "Uliwauza."

Alifikiri. Nikaona uso wake unalegea, mikunjo yote ya paji la uso inaachia mmoja mmoja. "Ni kweli," akasema, akafumba macho. Akalala. Kui alinishika mkono akaninong'oneza kwamba hajawahi kumwona mama yake akilala mchana, hata alipokuwa na malaria, hata siku aliyowazaa wadogo zake.

Jioni Kihara akaja mbio kutoka kazini, ananuka dawa, ovaroli hakubadilisha. Manesi wakaziba pua. Alisimama kando ya kitanda akimtazama mkewe muda mrefu, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa kusema kitu na hajui aanzie wapi. Kisha akanyoosha mkono kuelekea bega lake.

"Nimwamshe kidogo tu," akasema, "ajue nilikuja."

"Mguse uone," nikamwambia.